Upara wa Mitufaha ya Lyamkombe

Ipo nchi moja, na ukiulizwa na mtu mwenye kofia, sema haipo. Jina lake silitaji. Si kwa woga, ni kwa sababu hubadilishwa kila anapoingia mkubwa mpya, nami nachelea kuwapotosha. Ni nchi nzuri sana. Bendera yake ina rangi nyingi kuliko za majirani, wimbo wake ni mrefu, na viongozi wake hawalali usiku wakituwazia sisi, ndiyo maana mchana tunawakuta wamesinzia bungeni.

Mimi ni fundi mitambo wa sherehe. Mkubwa akija wilayani kwetu kuzindua choo, daraja, au jiwe la msingi la jiwe jingine la msingi, mimi ndiye ninayefunga spika na kumshikia kipaza sauti. Kazi yangu ina sehemu mbili: kufungua sauti mkubwa anapoanza kusema, na kuifunga mwananchi anapoanza kujibu. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyasikia kwa jirani. Niliyasikia nikiwa karibu na mdomo wa Serikali kiasi cha kurushiwa mate.

Kijiji changu ni Lyamkombe, huko nyanda za juu ambako umande wa asubuhi huuma vidole na watu hunywa uji wakiwa wamevaa makoti. Tunalima matufaha. Miche ya kwanza ililetwa na mapadri waliokumbuka kwao. Mapadri wakaondoka, miti ikabaki. Matunda yetu ni madogo, yana madoa, tena yana uchachu kidogo, lakini kila mtoto wa shule ya Lyamkombe alikuwa akila tufaha wakati wa mapumziko. Yaliyozidi yalibadilishwa kwa maharage na watu wa bondeni. Yaliyooza yalikwenda kwa nguruwe, na samadi ya nguruwe ikarudi shinani mwa mti. Baadaye tuliambiwa kwamba huo unaitwa Mfumo Endelevu wa Chakula. Sisi tulikuwa tunauita kula, tukaomba radhi kwa kutokujua.

Sasa, mtufaha ni mti wa nchi za theluji. Kwao baridi ikija hupukutisha majani, hulala, na ukiamka hutoa maua. Huku kwetu theluji hakuna. Baridi yetu ni ya kuvalia koti tu, haitoshi kuulaza mti, na mti usipolala hauzai. Unakaa na majani yake kama mgeni aliyesimama mlangoni na mzigo, hujui anaondoka au anaingia. Kwa hiyo baada ya mavuno kijiji kizima hutoka, watu wakapanda mitini na kuivua majani kwa mikono, jani kwa jani, mpaka ibaki uchi. Mti hudhani kipupwe kimefika. Majuma machache baadaye huchipua maua meupe yenye wekundu pembeni.

Kazi hiyo tunaiita kuudanganya mti, na ina miiko yake. Anayeuvua mti majani lazima siku ileile auwekee samadi, aumwagilie maji ya mfereji, kisha auombe radhi. "Tumekudanganya, mama, ila tumekulisha," ndivyo tunavyosema. Mtu akivua mti akaenda zake bila kuulisha, mwaka huo haonji tufaha, hata awe nani.

Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Wilbadi. Baba yake alifariki mapema, akalelewa na shangazi yake, Bi. Leokadia, mwenye shamba kubwa na miti mikongwe kuliko yote kijijini. Wilbadi akishapanda, majani yalishuka chini kama mtu anamwaga gunia. Bi. Leokadia alikuwa akisimama chini na ndoo ya samadi akicheka peke yake. Tukasema mtoto huyu ana mikono, na mwenye mikono hakosi kichwa. Kijiji kizima kikamsomesha kwa matufaha. Akasoma mpaka akawa daktari, si wa kutibu, wa kuitwa. Mwisho akateuliwa kuwa Waziri wa Chakula, Vyakula na Mambo ya Kula.

Siku ile ilipotangazwa redioni, Bi. Leokadia alivua kitenge chake kipya akakitandika chini ya mti wake mkubwa, ule aliopenda kupanda Wilbadi. Alisema mti nao unastahili kupongezwa.

*

Mheshimiwa hakutusahau. Miezi michache tu ofisini, akatangaza kampeni ya taifa iitwayo Kula Kilicho Karibu. Kila shule, kila hospitali na kila kambi ya jeshi itakula chakula kinacholimwa jirani. Tulisikiliza redio tukatazamana. Bi. Leokadia alisema, "Mnaona? Nilisema mimi. Damu haipotei."

Wataalamu wakaenda kujifungia katika hoteli ya ufukweni ili kufafanua neno "karibu". Walirudi wakiwa wamenenepa na ufafanuzi umekamilika. Karibu na nani? Haiwezi kuwa karibu na mlaji, walisema, kwa sababu walaji ni wengi na wametapakaa ovyo. Karibu na mkulima nako ni upendeleo. Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba katika nchi yetu kila kitu hupimwa kuanzia Serikalini. Chakula cha karibu ni kile kilicho karibu na Wizara.

Ili mwananchi asidanganyike, kila tunda la karibu likaamriwa kubandikwa stika ndogo ya kijani yenye maneno HALISI – MWENYEJI. Stika hubandikwa mahali pamoja tu, Idara ya Ukaribu, makao makuu, mkabala na uwanja wa ndege. Tunda lisilo na stika ni geni, na kumlisha mtoto wa shule tunda geni ni kosa la jinai.

Tukapakia matufaha yetu kwenye lori, tukayapeleka makao makuu yakathibitishwe kwamba yanatoka kwetu. Barabara yetu mnaijua, imezinduliwa mara nyingi lakini haijatengenezwa. Yalipofika yalikuwa yamepondeka, na ofisa wa Idara akasema kwa upole kwamba tunda lililochoka namna hii haliwezi kuwa la karibu. Lingekuwa la karibu lisingechoka. Wakati huohuo ndege ilikuwa inashusha maboksi ya matufaha kutoka ng'ambo, mekundu, yanang'aa kama viatu vya askari wa gwaride. Yalivuka barabara moja tu, yakabandikwa HALISI – MWENYEJI.

Hayo ndiyo yaliyoletwa shuleni Lyamkombe. Mtoto mmoja alilinusa lake akasema, "Mwalimu, hili linanuka sabuni."

"Kula, mwanangu," akajibu Mwalimu Mkuu huku akichungulia dirishani kwenye miti iliyoinama kwa matunda. "Ni la karibu."

Nisieleweke vibaya. Hatukumlaumu Waziri. Tulisema wasaidizi wake ndio wabaya, maana katika nchi yetu mkubwa huwa mzuri daima, ila ana bahati mbaya ya wasaidizi. Bi. Leokadia alisema mtoto akija mwenyewe akaona, atarekebisha. Na ikawa kweli: zikaja habari kwamba Mheshimiwa atakuja Lyamkombe kuzindua kampeni rasmi.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu. Tulitaka akija akute miti imechanua. Tukahesabu majuma kurudi nyuma, tukatoka kijiji kizima kuivua majani mapema, shamba la Bi. Leokadia kwanza. Watu waliimba. Hata Mkuu wa Wilaya, mtu mwenye kipara kizuri cha duara, alipita akapunga mkono. Tuliilisha miti samadi, tukaimwagilia, tukaiomba radhi. Ikabaki uchi mlima mzima ikimngojea mwana wetu.

*

Kabla ya Waziri hutangulia Mshauri Mwelekezi. Huyu ni mtaalamu anayelipwa ili aone kwa haraka. Hakushuka kwenye gari kwa sababu ya matope. Aliteremsha kioo, akatazama mlima wote wa miti isiyo na jani hata moja, akapandisha kioo.

Jioni redio ya taifa ikatangaza kwamba wataalamu wamegundua ugonjwa hatari uitwao Upara wa Mitufaha, ambao umeua mashamba yote ya Lyamkombe. Wananchi waliombwa watulie. Ugonjwa hauambukizi binadamu, ingawa kwa tahadhari Mkuu wa Wilaya alianza kuvaa kofia.

Tukacheka. Nakuapia, tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kuna mtu asiyejua kwamba miti huvuliwa? Tukatuma mjumbe wilayani kueleza. Akarudi na jibu kwamba maelezo yetu ni mazuri sana ila yamechelewa, kwa kuwa redio imeshasema. Redio ya taifa haisemi uongo. Kwa hiyo mmoja kati ya redio na miti ni mwongo, na miti ndiyo isiyo na kibali cha kutangaza. Hukumu ilikuwa kwamba mitufaha ikatwe yote. Ila kwa kuwa Serikali yetu ni sikivu, Waziri mwenyewe atakuja kuthibitisha kwanza.

Hatukulala kwa furaha. "Wilbadi ndiye atakayethibitisha?" Bi. Leokadia aliniuliza nilipokuwa nikifunga spika zangu. "Basi yameisha hayo. Huyu mti anaujua kuliko anavyoujua mgongo wake."

Mheshimiwa akaja. Magari yalikuwa mengi, vumbi likafika kijijini kabla yake. Alikuwa amevaa suti nyeupe na viatu ambavyo havijawahi kusikia habari za tope. Bi. Leokadia akamsogelea, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu mbele ya Serikali, kisha akasimama kama ilivyo haki ya shangazi.

"Karibu nyumbani, baba."

"Asante sana, mama," akasema Waziri.

Nilimwona bibi yule akikunja uso. "Mama" ni vile wanavyowaita wapigakura wote. "Mimi ni shangazi yako, Wilbadi," akasema taratibu.

"Naam, naam. Shangazi yetu sote."

Tukaingia shambani. Waziri akatangulia, Mshauri Mwelekezi ubavuni mwake, mimi nyuma na kipaza sauti, wananchi nyuma ya kamba. Bi. Leokadia akasimama chini ya mti ule mkubwa, akakwangua kijiti kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani kibichi, maji yanachuruzika.

"Ona. Mti mzima huu. Na hivi ni vitumba, vimeshavimba. Majuma mawili tu, maua haya hapa."

Mshauri alisogea akatazama kupitia miwani mbili, moja juu ya nyingine. "Kijani hiki," akasema, "ndicho ugonjwa wenyewe."

Wasaidizi wote wakaandika.

Bi. Leokadia alimgeukia Waziri, na sauti yake ikawa ya mtu anayeomba maji. "Wilbadi mwanangu, mimi kwa hawa sina neno. Waambie wewe. Waambie nani alikuwa akipanda mti huu kuuvua. Neno moja tu, baba, wataelewa. Miti hii ndiyo iliyokulea, mimi nilikuwa nashika ndoo tu."

Nilikuwa karibu na Waziri kuliko mtu yeyote. Nilimwona akiutazama mti kuanzia shinani mpaka kwenye tawi lile lililopinda alilokuwa akikalia, akakaza macho hapo. Kisha akaitazama mikono yake. Kisha mikono ile ikaingia mifukoni, yote miwili. Akanikonyeza nifungue sauti.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Mimi kama mtoto wa hapa, uchungu nilio nao leo haupimiki kwa mizani ya kawaida. Lakini uongozi, ndugu zangu, ni kuweka hisia pembeni. Redio imeshasema. Sayansi imeshasema. Mimi Wilbadi ni nani nisimame kati ya redio na sayansi? Naungana na wataalamu. Miti hii ina upara. Nawapa pole sana, na Serikali yenu iko pamoja nanyi katika kipindi hiki kigumu cha kukatiwa miti."

Makofi yakapigwa na wale waliokuja na magari. Sisi wa nyuma ya kamba tulibaki tunatazamana, kila mtu anangoja mwenzake aseme kwamba amesikia vibaya. Kama ni mgeni aliyesema vile, tungekasirika tukaenda kula ugali. Huyu alikuwa anajua. Alijua kama ninavyojua kitufe changu cha sauti, akatusaliti akiwa amesimama kwenye kivuli cha tawi alilolikalia utotoni. Mzee mmoja akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako." Askari akamtaka arudie kwa sauti, akasema alikuwa anapiga chafya.

*

Nchi yetu ikitaka kujenga huchelewa, ikitaka kukata haichelewi. Misumeno ya injini iliunguruma Lyamkombe kesho yake asubuhi. Bi. Leokadia alikaa kwenye kigoda mlangoni pake akiupa mlima mgongo. Tulimletea uji, akaupokea, hakuunywa. Mti mkubwa ulipoanguka, vikombe vya kabatini viligongana. Aliuliza tu, "Ni ule?" Tukamwambia ni ule.

Matawi yalikuwa mengi hata pa kuyaweka hapakuwapo, wakayatupa kwenye mfereji kando ya barabara, kuanzia shambani mpaka darajani. Maji yakapita katikati yake.

Baada ya hapo ikaonekana, kwa bahati njema kabisa, kwamba Lyamkombe kuna eneo kubwa lililo wazi. Wizara ilikuwa inatafuta eneo kama hilo kwa muda mrefu. Yakaletwa makontena ya baridi, yakapangwa juu ya visiki, yakapakwa rangi ya kijani, yakaitwa Kituo cha Taifa cha Chakula cha Nyumbani. Humo ndani matufaha ya ng'ambo yenye stika yangehifadhiwa kwa ajili ya wilaya nzima. Mashine zake zilinguruma usiku na mchana kutengeneza baridi, ile baridi ambayo sisi tulikuwa tukiitengeneza kwa mikono.

Mheshimiwa akaja tena kuzindua. Nikafunga spika zangu, safari hii juu ya nguzo, maana miti haikuwapo.

Msafara ulipofika darajani, gari la kwanza likasimama, na yote yakasimama. Matawi mferejini yalikuwa yamechanua. Yalikatwa vitumba vikiwa tayari vimevimba, maji ya mfereji yakayanywesha, nayo yakafanya yaliyokuwa yameandaliwa kufanya. Mfereji wote ulikuwa mweupe, kutoka darajani mpaka kwenye makontena, na harufu yake ilikuwa imejaa njiani. Tulikuwa tumesimama kando. Hata wale askari walikuwa wamevua miwani.

Waziri akateremka. Mimi nikakimbia na kipaza sauti, maana mkubwa akishuka popote huenda akahutubia. Mshauri Mwelekezi akateremka nyuma yake, akainama, akachuma ua moja, akaligeuzageuza.

"Maua mazuri," akasema. "Mheshimiwa, wewe ni mtu wa huku. Haya ni maua gani?"

Waziri alitazama maua. Akatutazama sisi. Macho yake yakapita kwa Bi. Leokadia, hayakusimama.

"Sijui," akasema.

Neno hilo lilitoka kwenye spika zote, likagonga mlima likarudi. Sikuwa nimefunga sauti, kwa kuwa aliyekuwa akisema ni mkubwa na kanuni zinasema mkubwa akisema iwe wazi.

Bi. Leokadia akatoka kwenye kundi. Alikuwa ameshika tufaha moja la ng'ambo, mgawo wa mjukuu wake wa shuleni. Askari walimwachia apite wakidhani anakwenda kutoa shukrani. Alisimama mbele ya mtoto aliyemlea, akabandua stika ya kijani kwenye tunda taratibu, isichanike, akaibandika kwenye kola ya suti nyeupe. Akaibonyeza kwa kidole gumba ishike vizuri.

Mkuu wa Wilaya alinipungia kofia yake nifunge sauti haraka. Nikakitazama kitufe changu nikaona kina vumbi. Mimi ni mtu wa usafi. Nikaanza kukipangusa.

"Nimekubandika, Mheshimiwa," akasema Bi. Leokadia. Hakusema Wilbadi. "Bila karatasi hii nani angejua kama wewe ni wa huku? Sisi tukiudanganya mti tunaulisha. Ninyi mmetudanganya, mkatuvua, mkatukata. Mimi sikuombi samadi. Nakuomba usiniite shangazi tena, wala shangazi yetu sote."

Akageuka akaenda zake. Wale waliokuja na magari, wakiona stika imebandikwa, walidhani ni sehemu ya ratiba, wakapiga makofi. Waziri akatabasamu kwa ajili ya picha. Nilimwona akiinua mkono kuibandua, akakumbuka kwamba kubandua stika ya Wizara ni kosa la jinai kwa sheria aliyoipitisha mwenyewe. Akaushusha mkono, akaendelea na safari kwenda kukata utepe akiwa na HALISI – MWENYEJI shingoni.

Sisi tulibaki darajani. Hapakuwa na mtu wa kutuambia tuondoke. Nyuki walianza kuja kutoka msituni, wachache kwanza, kisha wengi, wakatapakaa mfereji mzima wakiingia ua hadi ua na kutoka na miguu yenye vumbi la njano. Walifanya kazi yao siku nzima kwa uaminifu juu ya matawi yale yasiyo na shina, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaambia.